Mashine ya TIG: Namna ya Kuipima na Kuilinganisha Kabla ya Kutoa Pesa

Ingia duka lolote la vifaa Kariakoo, au Industrial Area ya Nairobi, utakuta mashine za TIG, zile za kuchomelea kwa ncha ya tangsteni na gesi, zimepangwa rafu moja. Zote zimeandikwa 200, yaani ampia, mbele kwa herufi kubwa, lakini bei ya moja inaweza kuwa mara tatu ya jirani yake. Ukiuliza tofauti utaambiwa, "Hii orijino, ile ya kawaida." Jibu hilo halikusaidii. Tofauti ipo, tena kubwa, na unaweza kuiona mwenyewe bila kumtegemea muuzaji. Iko kwenye kibao kidogo cha nyuma, iko kwenye jinsi mashine inavyowaka mbele ya macho yako, na iko kwenye swali la nani ataifungua siku itakapozima.

Mwongozo huu nimemwandikia fundi mwenye karakana ya kawaida: anachomelea mageti na reli za ngazi za stenlesi, anatengeneza meza na sinki za majiko ya hoteli, na mara mojamoja analetewa sampu ya injini ya aluminiamu iliyopasuka.

Hatua ya 1: Andika unachomelea nini

Chukua karatasi, orodhesha kazi ulizofanya miezi ya karibuni: chuma cha aina gani, unene gani, mishono mirefu au mifupi. Kisha piga hesabu ya moto. Kipimo kinachotumiwa sana ni ampia 30 hadi 40 kwa kila milimita moja ya chuma. Skwea paipu ya stenlesi ya milimita 1.2 inataka ampia 40 hadi 50. Bamba la milimita 3 linataka 100 hadi 120. Ukimaliza orodha, wengi wenu mtaona kwamba kazi zenu karibu zote ziko chini ya ampia 120, na kwamba ile 200 iliyoandikwa mbele mtaifikia mara chache mno.

Hapo mtazamo wa kununua unabadilika. Kwa fundi wa stenlesi nyembamba, kinacholeta pesa ni utulivu wa moto mdogo. Mashine inayokaa imara kwenye ampia 10, moto wake hautangatangi wala haukatiki, ina thamani zaidi kwako kuliko nyingine inayofika 250 lakini haishuki chini ya 20 bila kuzimika.

Baada ya hapo kuna swali moja la kuamua, nalo ndilo linalopandisha bei kuliko yote: unahitaji aluminiamu?

Chuma cha kawaida, stenlesi na shaba huchomelewa kwa umeme wa DC, tochi ikiwa upande wa hasi. Aluminiamu ina tatizo lake. Juu yake kuna utando wa oksaidi unaoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 za Selsiasi, wakati aluminiamu yenyewe inayeyuka kwenye 660. Ukiichoma kwa DC ya kawaida, ndani kunayeyuka na juu kunabaki ngozi ngumu yenye uchafu, chuma hakiungani. Umeme wa AC ndio unaotatua jambo hilo: nusu moja ya mzunguko inavunja utando, nusu nyingine inapeleka joto ndani. Kwa hiyo mashine ya DC peke yake haichomelei aluminiamu ya maana, hata muuzaji akiapa. Angalia paneli na kibao cha nyuma. Mashine ya AC ina alama ya wimbi (~) upande wa kuchomelea, na kwa kawaida ina swichi ya kuchagua AC au DC. Usipoiona, hiyo ni DC. Alama ya wimbi iliyo karibu na 230V isikudanganye, hiyo ni ya umeme unaoingia.

Ushauri wangu ni huu. Kama aluminiamu inakuja kwako mara moja kwa mwezi, nunua DC nzuri, na hiyo sampu ipeleke kwa mwenzako mwenye AC. Kwa pesa ileile, DC nzuri itakuingizia zaidi kuliko AC/DC dhaifu, kwa sababu mashine ya AC ina sehemu nyingi zaidi ndani, na mtengenezaji anayeiuza kwa bei ya chini ameokoa pesa mahali fulani. Lakini kama uko mahali penye boti za aluminiamu, rimu, bloku za pikipiki na intakula (vipoza hewa ya injini), basi AC/DC ni kifaa chako cha kazi. Usijaribu kuizunguka.

Kuna njia ya tatu, ya bei ndogo: mashine ya inveta (ya kielektroniki, nyepesi) ya vijiti yenye "Lift TIG", yaani moto unawaka kwa kugusa na kuinua, unaifungia tochi yenye koki ya gesi kwenye mpini. Mafundi wa mabomba wanaitumia na inafanya kazi vizuri kwenye mshono wa kwanza wa bomba la chuma. Kwa mapambo ya stenlesi nyembamba siipendekezi. Moto unakatika ghafla ukiinua tochi, mwisho wa mshono unabaki na kashimo, na gesi unaifunga kwa mkono.

Hatua ya 2: Geuza mashine, soma kibao

Nyuma au chini ya kila mashine ya heshima kuna kibao chenye jedwali. Kiwango cha kimataifa, IEC 60974-1, kinaeleza nini kiandikwe hapo na kwa herufi zipi, kwa hiyo mashine ya Ulaya na ya China zinasomeka kwa namna moja. Mashine isiyo na jedwali kabisa, yenye kibandiko cha jina tu, irudishe kwenye rafu.

Herufi za kutafuta ni hizi:

X ni muda wa kazi, kwa asilimia ya dakika 10. Ukiona X 60% juu ya ampia 200, maana yake unachoma dakika sita kwa moto huo, kisha inapumzika dakika nne. X 25% ni dakika mbili na nusu tu, halafu saba na nusu za kusubiri.

I2 ni ampia zinazotoka kwenye tochi, na U2 ni volti zake wakati wa kuchoma.

U1 ni volti za ukutani. I1max ni ampia za juu kabisa inazovuta ukutani, na I1eff ni zile za kuchagulia waya na breka.

Sasa linganisha. Chukua mashine mbili zote za 200. Ya kwanza imeandikwa X 60%, ya pili X 25%. Kupata moto ambao mashine inaweza kuuchoma bila kupumzika, tafuta kipeuo cha pili cha asilimia hiyo, uzidishe kwa ampia. Kwa ya kwanza: kipeuo cha 0.6 ni karibu 0.77, mara 200, unapata ampia 155. Kwa ya pili: kipeuo cha 0.25 ni 0.5, unapata ampia 100. Jina moja, rafu moja, ila ya kwanza inazidi kwa nusu nzima. Vibao vingi vina safu ya 100% tayari. Soma hiyo kwanza, kabla ya safu nyingine yoyote. Ukitaka kulinganisha mashine kwa namba moja tu, namba yenyewe ni hiyo.

Angalia pia joto lililotumika kupima. Kiwango kinataka nyuzi 40. Kijitabu kikiandika 20 au 25, punguza matumaini, kwa sababu karakana ya bati Dar es Salaam saa nane mchana haina nyuzi 25.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda sana, maana hakihitaji kifaa chochote zaidi ya kikokotoo cha simu: hakuna mashine inayotoa nguvu nyingi kuliko inazoingiza. Zidisha I2 kwa U2 upate wati zinazotoka. Zidisha U1 kwa I1max ya safu ileile upate zinazoingia. Kwa kiwango, TIG ya ampia 200 hupimwa kwenye volti 18, yaani wati 3,600. Vijiti kwa ampia 200 hupimwa kwenye volti 28, yaani wati 5,600. Sasa ukikuta kibao kinadai vijiti ampia 200 huku I1max ni ampia 16 kwa volti 230, hesabu inakupa wati 3,680 zinazoingia. Wati 5,600 haziwezi kutoka humo. Aliyeandika kibao hicho hakupima, na kama hakupima hapo, usimwamini kwenye safu nyingine. Mashine ya kweli huingiza zaidi ya inachotoa kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu sehemu ya umeme inapotea kuwa joto.

Hatua ya 3: Pima umeme wako

Mashine nzuri kwenye umeme mbovu inakufa kama mbovu. Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230, Kenya 240, kwa karatasi. Kwenye soketi yako inaweza kuwa kitu kingine saa moja usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha. Chukua multimita, pima asubuhi, mchana na jioni, ukiwa na grainda au kompresa inanguruma. Andika namba ya chini kabisa. Kisha soma kwenye kibao au kijitabu mashine inavumilia kiasi gani. ±15% ya 230 ni kutoka karibu 195 hadi 265. ±10% ni 207 hadi 253. Kama soketi yako inashuka hadi 200, mashine ya ±10% itakuzimikia kazini, na ukiilazimisha kila siku utaiua.

Ukitaka kujua inavuta kiasi gani: TIG ya ampia 200 inatoa wati 3,600, lakini ukihesabu hasara ya ndani na namna inveta ya kawaida inavyovuta umeme, ukutani inaweza kufika kVA 6 na zaidi, karibu ampia 28. Mashine zenye PFC, ambazo ni ghali kidogo, zinavuta umeme kwa utaratibu zaidi na zinaweza kushuka hadi ampia 20 kwa kazi ileile. Kama waya wa nyumba yako ni wa zamani, au unafanya kazi kwa jenereta, PFC ni ya kulipia. Jenereta ya kVA 5 haitoshi kwa TIG ya 200 isiyo na PFC kwa moto wote. Na kumbuka kwamba mashine hiyohiyo ukiitumia kwa vijiti inavuta zaidi, hivyo breka itakayokatika itakatika siku ya vijiti.

Ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba inakula volti kabla hazijafika. Ukienda kufunga geti nyumbani kwa mteja mita 30 kutoka kwenye mita ya umeme, beba waya wako wa milimita za mraba 4, uukunjue wote.

Hatua ya 4: Vitufe vya kulipia na vya kuacha

Vinne ni vya lazima kwa kazi ya stenlesi, usikubali mashine ambayo havimo.

HF, yaani kuwasha bila kugusa. Ukigusa chuma kwa tangsteni unachafua ncha, na kila mara unarudi kwenye jiwe kunoa.

Kushusha moto taratibu mwishoni, ambako kwenye paneli huandikwa "Down Slope". Bila hiyo, mwisho wa kila mshono unabaki shimo, na kwenye reli ya ngazi mteja analiona.

Gesi ya baada, "Post Flow", inayoweza kurekebishwa hadi sekunde 10 hivi. Chuma na tangsteni vinahitaji kufunikwa hadi vipoe.

2T na 4T. Kwenye 2T unashikilia kitufe muda wote. Kwenye 4T unabonyeza mara moja na kuachia, kidole kinapumzika kwenye mshono mrefu.

"Pulse" naiweka karibu na lazima. Kwenye stenlesi nyembamba inapunguza joto, bamba halijikunji, na mshono unatoka na magamba yaliyopangika ambayo wateja wanayapenda. Kwa AC, hakikisha unaweza kurekebisha uwiano wa kusafisha na kasi ya mzunguko wa AC. AC isiyorekebishika inachoma, ila inakuachia tangsteni iliyovimba na mshono mpana.

Pedali ya mguu ni nzuri kwa anayekaa mezani. Kwa fundi wa mageti inabaki kona. Kioo cha rangi na kumbukumbu za programu 20 havikuongezei mshono.

Hatua ya 5: Uliza tochi gani, spea ziko wapi, nani anaifungua

Hapa ndipo uaminifu wa mashine unapoamuliwa, na ndipo wanunuzi wengi hawaulizi.

Anza na tochi. Nyingi za kupoza kwa hewa ni WP-17, inayobeba karibu ampia 150, au WP-26, inayobeba 200. Zote mbili, pamoja na WP-18 ya maji, zinatumia koleti (vishikio vya tangsteni) na vikombe vya aina moja, na hivyo vinapatikana kila mahali. WP-9 ni ndogo na nyepesi, nzuri kwa kazi ya kona, lakini vikombe vyake ni vingine. Mashine ya 200 ikija na tochi ya WP-17, jua kwamba tochi ndiyo mpaka wako, na mpini utakuchoma mkono kwenye moto mkubwa. Kagua pia viunganishi: plagi ya waya ina saizi ndogo na kubwa, na plagi ya swichi ina pini 2, 5 au zaidi kutegemea mtengenezaji. Tochi ikikatika waya na plagi yake haipatikani mjini kwako, mashine nzima imelala kwa kitu kidogo.

Kisha jina. ESAB iliyoanzishwa Sweden, Kemppi ya Finland, Fronius ya Austria, Miller na Lincoln Electric za Marekani ni kampuni za miaka mingi. Kemppi ndiyo iliyoleta inveta ya kwanza ya kuchomelea mwaka 1977, teknolojia iliyoko leo ndani ya karibu kila mashine unayoibeba kwa mkono mmoja. Mashine zao zinastahili bei yake pale penye wakala anayeuza bodi na anayejua kuifungua. Pasipo na wakala, unalipia huduma ambayo haikufikii. China nako kuna watengenezaji wenye viwanda vyao na jina lao wenyewe, kama Jasic na Riland za Shenzhen, na kuna mashine nyingine nyingi zinazotoka kiwanda kimoja zikabandikwa majina kumi ya maduka. Hizi za mwisho si lazima ziwe mbovu. Shida yake ni kwamba kundi la mwaka huu linaweza kuwa na bodi tofauti kabisa na la mwaka jana, jina likiwa lilelile, na spea ya rafiki yako isikuingie.

Kwa hiyo nenda kwa fundi wa elektroniki wa mji wako, yule anayetengeneza inveta za kuchomelea, kabla hujaenda dukani. Muulize: "Fundi, mashine gani zinakujia sana, na zipi unazifufua kirahisi?" Atakwambia ndani ya dakika tano mambo ambayo hayako kwenye katalogi yoyote. Muulize kama bodi za mashine unayoitaka zimepakwa rangi ya kukinga vumbi na unyevu. Vumbi la grainda ni chuma. Feni inalivuta ndani, linatua kwenye bodi, na siku ya unyevu linapitisha umeme. Kwa walio pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, Mombasa na Unguja, ambako hewa ina chumvi, bodi isiyopakwa ni hatari zaidi.

Na watafute wenye mashine ya modeli ileile ambayo imeshafanya kazi mwaka mzima. Muombe muuzaji akuelekeze kwa wateja wawili watatu. Muuzaji anayeiamini mashine yake atakupa.

Hatua ya 6: Iwashe mbele yako

Usilipe mashine ya TIG ambayo hujaiona ikiwaka. Duka likikosa gesi, panga nao siku, beba mtungi wako mdogo, au omba waipeleke kwa fundi wa jirani. Maneno ni mepesi: "Kaka, nimeipenda, ila naomba tuijaribu dakika ishirini, nikiridhika nalipa hapahapa." Nenda na vipande vya stenlesi ya milimita 1 na 1.5, bamba nene la chuma, kipande cha aluminiamu kama unanunua AC, tangsteni mpya ya milimita 1.6 na 2.4, na klampu mita inayosoma DC. Zile za bei rahisi zinasoma AC pekee, hazitakusaidia.

Anza na mashine ikiwa baridi. Noa tangsteni ya 1.6, weka ampia 40, shika ncha milimita 2 hadi 3 juu ya chuma, bonyeza. Moto uwake palepale. Rudia mara kumi. Mashine inayowaka mara saba kati ya kumi ikiwa mpya itawaka mara nne ikichakaa.

Shusha hadi kiwango cha chini kabisa kilichoandikwa, 5 au 10. Shika moto juu ya ukingo wa bamba la milimita 1. Angalia kama unasimama mahali pamoja kama mshumaa kwenye chumba kisicho na upepo, au unahangaika huku na huku na kukatika.

Sasa pima ukweli wa ampia. Washa moto kwanza, ndipo uvike klampu mita kwenye waya wa arthi. Usiwashe HF mita ikiwa imevaa, maana mshtuko wa HF unaweza kuiharibu. Weka kioo cha paneli kwenye 50, soma mita. Weka 100, soma. Weka ya juu kabisa juu ya bamba nene, kwa tangsteni ya 2.4, soma. Tofauti ya ampia chache ni kawaida. Kioo kikisema 200 na mita ikasema 150, umeshika mashine ya 150, na hiyo ndiyo bei ya kuijadili.

Iache ichome kwa moto mkubwa kwa muda ambao X inadai. Kama kibao kinasema 60%, dakika sita. Taa ya joto ikiwaka dakika ya tatu, kibao kimeongopa. Wakati huohuo sikiliza feni na nusa. Harufu kidogo ya rangi ya waya mpya ni sawa, harufu ya plastiki inayoungua si sawa.

Tazama mwisho wa mshono: moto ushuke pole pole, gesi iendelee kupuliza. Tochi isitolewe mpaka gesi iishe. Kisha angalia tangsteni. Ikiwa inang'aa rangi ya fedha, gesi imeifunika vizuri. Ikiwa bluu au nyeusi, aidha gesi ya baada ni fupi au kuna mahali panavuja hewa, na kabla ya kuilaumu mashine kagua viungo vya mpira wa gesi na kikombe. Mshono wa stenlesi wenye rangi ya majani makavu au dhahabu ni mzuri. Kijivu kizito kinamaanisha joto limezidi au gesi imekosekana.

Kwa AC: pembeni ya chuma kilichoyeyuka uone ukanda mweupe uliosafishika, na chuma chenyewe king'ae kama kioo. Ukiona madoadoa meusi, ongeza kusafisha kidogo. Yasipoondoka kwa marekebisho yoyote, na kipande umekisugua kwa brashi safi ya stenlesi, shida iko kwenye mashine au gesi.

Hatua ya 7: Jumlisha gesi na mtungi kwenye bei

TIG inatumia agoni safi. CO2 ya mashine ya MIG (ya kuchomelea kwa waya), au mchanganyiko wake, inaunguza tangsteni papo hapo. Tanzania agoni inauzwa na TOL Gases, Kenya na BOC Kenya, pamoja na wasambazaji wengine. Ulizia kabla kama mtungi unakodi, unaweka amana au unanunua, na kama wanajaza mtungi usio wao. Jibu la swali hilo linaweza kubadilisha bajeti yako kuliko tofauti ya mashine mbili.

Mtungi mkubwa wa lita 50 kwa baa 200 una karibu lita 10,000 za gesi. Kwa mpuliziko wa lita 8 kwa dakika ni karibu saa 20 za moto unaowaka. Mtungi mdogo wa lita 10 kwa baa 150 una lita 1,500, karibu saa tatu. Kwa hiyo mtungi mdogo ni wa kutembea nao, mkubwa ni wa karakana. Kiasi kinachotosha kazi nyingi ni lita 6 hadi 10. Ukifungua 15 unalipia gesi, na mara nyingine inavuta hewa na kuharibu mshono. Regyuleta iwe yenye kipimo cha lita kwa dakika, si ya oksijeni iliyogeuzwa.

Tangsteni nayo ina uamuzi wake. Nyekundu ina thoriamu, ambayo ina mionzi kidogo, na vumbi lake wakati wa kunoa si la kuvuta. Ya dhahabu au bluu yenye lanthanamu inafanya DC na AC vilevile vizuri, na ndiyo ninayokushauri kuanzia.

Kuhusu mitumba

Mashine ya kizamani ya transfoma, nzito ya kubebwa na watu wawili, inaweza kudumu kuliko wewe. Lakini soma kibao kwa makini. Ya Japani inaweza kuwa ya volti 200. Ya Marekani inaweza kuwa ya volti 120, au ya mzunguko wa 60 tu, na transfoma ya 60 ikiwekwa kwenye umeme wetu wa 50 inachemka. Ya viwandani Ulaya au Ghuba mara nyingi inataka fezi tatu, volti 400. Ndugu aliyeko Dubai au Minnesota akikwambia amepata ya bei poa, mwombe picha ya kibao kabla ya picha ya mashine. Inveta mtumba nisingeinunua bila kuifungua kifuniko na kuangalia vumbi, alama za solda mpya na kapasita zilizovimba.

Hatua ya 8: Siku ya kulipa na wiki za mwanzo

Dai risiti halali, Tanzania ikiwa ni ya EFD, na hakikisha imeandikwa modeli na namba ya mashine, si "welding machine" tupu. Dhamana iandikwe: miezi mingapi, inahusu bodi au mashine nzima, tochi imo au haimo, na nani anagharamia usafiri wa kuirudisha kama uko Songea na duka liko Dar. Dhamana ya mdomo siku ya shida haionekani.

Kisha itumie kwa nguvu mapema. Mafundi wengi huitunza mashine mpya kwa kazi ndogondogo hadi dhamana inaisha, ndipo wanaipa kazi ngumu. Fanya kinyume. Wiki za mwanzo ipe mishono mirefu, moto mkubwa, saa za jioni umeme ukiwa chini, ilimradi usivuke kilichoandikwa kwenye kibao. Sehemu nyingi dhaifu za elektroniki huonekana mapema, na unataka zionekane wakati duka bado linawajibika. Boksi na povu lake viweke juu ya dari hadi siku ya mwisho ya dhamana. Kila wiki ipulize kwa hewa kavu ya kompresa ya nguvu ndogo kupitia matundu, na grainda iwe upande wa pili wa karakana, upepo ukitoka kwenye mashine kuelekea kwenye grainda.